Kungoja Bila Kuachia Jembe

Asubuhi hiyo bado naikumbuka, mwanangu, maana nilikuwa na hasira mpaka masikio yananiwaka. Kwetu, kwenye mteremko chini ya msitu wa Chome, tunamwagilia kwa zamu kutoka kwenye ndiva, bwawa letu la udongo linalokusanya maji ya kijito usiku kucha. Siku hiyo zamu ilikuwa ya mama yangu. Mvua ilikuwa imetutupa, mahindi yamejikunja majani, na shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa kwenye mfereji. Zamu ile ikipotea, hatuna mavuno.

Nikachukua jembe, nikaenda kuifungua ndiva. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, ndiye aliyekuwa amekabidhiwa ndiva. Akaniwekea fimbo mbele.

"Hold on," akasema.

"Shikamoo, mjomba. Mahindi ya mama yanakufa."

"Marahaba. Ndiva iko nusu. Ukifungua sasa maji hayatakuwa na nguvu, ardhi itayanywa njiani."

Nikalitupa jembe, nikaketi juu ya jiwe, nimevuta mdomo. Wazee wa kwetu hawabembelezi mtu, unawajua. Mjomba akasema, "Sikukuambia ukae. Kungoja tu ni 'wait'. 'Hold on' ni kungoja bila kuachia. Mbona jembe umelitupa chini?"

Nikaondoka nanung'unika, nikaanza kusafisha mfereji kuelekea kwa mama. Nilipokaribia shamba nikakuta fuko ametoboa ukingo, tundu la kuingia mkono mzima. Hata ndiva ingejaa namna gani, maji yote yangeishia hapo. Nikaliziba kwa mawe na udongo, nikashindilia kwa miguu.

Adhuhuri, ndiva ilipojaa, mjomba akafungua. Nikayafuata maji hatua kwa hatua mpaka shambani. Mama alipoyaona yanaingia alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka huo tulikula.

Sasa nawaona wewe na wenzako pale Same mjini, vyeti vyenu ndani ya bahasha, mnangoja kuitwa kazini. Sisemi msingoje. Siku yako itafika, hilo naliamini kabisa. Ila usingoje umekunja mikono. Jifunze kitu, tengeneza kilichoharibika, maana mengi tunayolia kwamba hatukupewa yalishatoka, yakapotelea njiani. Mungu akupe mikono isiyochoka, mwanangu, na hicho unachokiomba kikukute uko kazini.