Mkono wa Kushoto wa Fundi

Fundi wa mashine za gemu pale Ukunda hufanya kazi kwa mkono mmoja. Wa kushoto huuacha mfukoni, maana umeme wa skrini ukiingia mkono huu na kutokea ule, hupitia moyoni. Huchutama nyuma ya mashine, na mbele yake huegemeza kioo cha kinyozi ili aione picha huku akiirekebisha. Akikasirika hapandishi sauti. Heshima ndiyo huzidi. Siku moja heshima ilimfika kooni. Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule picha kupinda na rangi kugeuka zambarau, na Kimanzi, mwenye ukumbi, alikwisha kuwatangazia wateja kwamba fundi huyu hubahatisha tu. Fundi akachomelea, akakaza, picha ikanyooka. Ndipo kiooni akamwona Kimanzi akiinua spika yake kubwa, ambayo huishusha kila mara mashine inapofunguliwa, na kuirudisha juu ya mashine. Picha ikapinda.

“Bwana Kimanzi, spika hiyo ina sumaku.”

“Lakini fundi, si imekaa hapo mwezi mzima?”

“Na picha imeanza kupinda lini, bwana wangu?”

Fundi akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akaiteremsha spika kwa mikono miwili na kumpakatisha Kimanzi kifuani.

“Niwie radhi,” akasema taratibu. “Sasa waite wale wateja, uwaambie ni nani anayebahatisha. Nami nipo, nasubiri.”