Mitego ya Besi na Kinu Kitupu

Chumba changu cha kurekodia kilikuwa uani kwa mama, mjini Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na kilikuwa na ugonjwa mmoja: kilivuma. Mwanamke akitwanga nyumba ya tatu, kishindo kiliingia, kikajikusanya kwenye pembe, kikavimba kuliko kilivyokuja. Vijana waliopata kazi kwenye mradi wa gesi kule Afungi walikuwa wakioa mfululizo na kutaka nyimbo za harusi zao. Wakizisikiliza, walinicheka kwamba studio yangu inatwanga mihogo.

Hofu ilikuwa imeshaingia mjini. Kila aliyefika kutoka mji wa Mocímboa alikuja na habari ya kijiji kilichochomwa na waasi. Mama alikuwa na miguu iliyovimba, hatembei bila kushikwa, na mtoto aliyebaki naye ni mimi tu. Tukapatana: akisikia balaa, asipige kelele, atwange kinu kitupu. Kwetu hakuna anayetwanga kinu kitupu. Utotoni nilichapwa kwa mchezo huo, kwa hiyo nisingeweza kuukosea mlio wake. Tulijaribu siku moja, mimi ndani, mlango umefungwa. Chumba kizima kikalia. Usiku ule nililala.

Baadaye kikundi cha akina mama waimbaji wakanipa kazi, nikaona sina budi kukitibu chumba. Fundi redio wa Mtwara alikuwa amenieleza mitego ya besi: unajaza pembe vitu vinene, sauti nzito iingie humo isirudi. Nikaokota mbao za mapaleti ya kampuni ya gesi, nikaunda fremu kutoka sakafuni hadi darini, nikashindilia makumbi ya nazi na sufi, nikazivisha magunia. Pembe zote nne. Dirisha na mlango nikaviziba kwa godoro kuukuu. Nikapiga kofi, likafia mikononi. Nilifurahi, na papo hapo nikakikumbuka kinu cha mama. Nikafungua mlango kuangalia. Mama alikuwepo, anachambua mchele.

Tangu hapo kila wimbo ukiisha nilifungua mlango. Nilijiona mjinga, lakini nilifungua.

Alasiri moja nilikuwa nasikiliza kazi ya wale akina mama. Ngoma yao kubwa ilitoka safi, kavu, haina mvumo. Sikuwahi kuisikia hivyo chumbani mwangu. Nikairudia, nikairudia tena, nikajisahau kabisa. Koo likanikauka. Nikachukua kikombe nikatoka kunywa maji.

Mama alikuwa kwenye kigoda, ameushika mchi kwa mikono miwili, anatwanga kinu kitupu. Kanga imelowa jasho, mchi una damu ya viganja vyake. Njiani hapakuwa na mtu, ila ndala moja iliyomtoka mtu akikimbia. Upande wa barabara risasi zilikuwa zinalia.

"Jirani amekugongea, ameona kimya, amekimbia," alisema, pumzi zimemwishia. "Alitaka anibebe. Nikamwambia siendi, mwanangu yumo, kinu atakisikia tu."

Nilimpakia mgongoni, tukashika njia ya pwani. Mikono yake ilinizunguka shingoni, ikiteleza kwa damu na jasho.

"Nilijua utanisikia, baba," alininong'oneza sikioni.

Nikaongeza mwendo. Kikombe kilikuwa bado kinaning'inia kidoleni, kikavu.