Kwaya Iliyosukwa Pande Mbili

Harufu ya mafuta ya nazi hunirudisha barazani kwa shangazi yangu Dama, kule Bombolulu, siku zile watu walipokwisha kuamua kwamba mimi si mtu wa hesabu. Mwalimu Charo alimwambia shangazi mbele ya wateja, "Huyu mtafutieni kazi ya mikono. Hesabu haimwingii hata kwa nyundo." Nawasimulia haya nikiwa nimeketi chini ya stashahada yangu iliyotundikwa ukutani, pamoja na shahada zilizoifuata, zote kwa jasho langu mwenyewe. Nimeifundisha nadharia ya makundi, hesabu ya jinsi maumbo yanavyogeuzwa, huko Ujerumani, na sasa naifundisha hapa nyumbani. Najisifu? Naam. Nikinyamaza nani atanisifia?

Shangazi alikuwa msusi. Mteja aliketi mkekani, shangazi akaketi nyuma yake kwenye kigoda, nami mbele nimeshika chanuo na kikopo cha mafuta. Vidole vyake vilipopita juu ya utosi, vyangu viliviiga hewani. Mkono wake wa kulia ulikuwa upande wangu wa kushoto, basi niliuiga kwa wa kushoto. Sikuona tatizo.

Pasaka moja kwaya ya kanisa letu ilitarajia wageni, na kina mama wakakubaliana wasukwe mtindo mmoja: mistari ianzie juu ya jicho la kulia, ilale kuelekea sikio la kushoto. Shangazi alipofika nusu ya kwaya, mafuta ya mahamri yakamuunguza mkono. Ilikuwa Jumamosi, na msusi mwingine hakupatikana.

"Nitasuka mimi," nikasema.

Baraza zima likaangua kicheko. "Utatusuka ama utatufunga kamba kama mbuzi wa mnadani?" aliuliza Hawe Sidi, jirani wa umri wa bibi yangu, na hawe kwetu ndiyo bibi. Lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuketi. "Haya, mume wangu. Ukiniharibu, utanioa weye."

Nilisuka mpaka jua likatua. Mistari ilinyooka, ikakaza. Kila kichwa peke yake hakikuwa na kasoro.

Asubuhi walipojipanga nje ya kanisa ndipo tulipoona. Mistari ya shangazi ililala kushoto, yangu yote kulia. Walivyochanganyika, kwaya ilikuwa kama shamba la mahindi lililopigwa na pepo mbili. Mwalimu Charo, ambaye pia ndiye aliyeiongoza kwaya, alinitazama kama mtu aliyekwisha kutuonya. "Wajifunge leso vichwani," akaamuru. Kina mama waliokaa mkekani siku nzima wakaanza kufuta machozi. Nilijua nikinyamaza hapo, hata hiyo kazi ya mikono sitapewa.

Nikamshika Hawe Sidi mkono, nikamzungusha huku na huku. Haikusaidia. Hata ageuke vipi, mistari yake haikufanana na ya shangazi. Kisha akasimama bega kwa bega na mama mmoja aliyesukwa na shangazi, nikaona wamekuwa kama mtu na kioo chake.

"Mwalimu, waliosukwa na shangazi wasimame upande mmoja, wangu upande wa pili."

Alisita, akawapanga. Mistari yote ikaelekeana, kama mbawa mbili za ndege mmoja.

"Hii umeitoa wapi?" akauliza.

"Kwa Hawe Sidi," nikajibu, na kina mama wakacheka hata wimbo wa kwanza ukachelewa. Shule ilipofunguliwa, Mwalimu aliniita ubaoni, na hakuniita ili anicheke.

Miaka mingi baadaye, ugenini, profesa alitueleza kwamba kuna umbo usiloweza kulifikia kwa kuzungusha. Lazima upitie kwenye kioo, na ukipita mara mbili unarudi ulikotoka. Wenzangu waliandika. Mimi nilitabasamu. Asubuhi ile ya Pasaka nilidhani naficha kosa tu. Sikujua kwamba nimeikuta kazi ya maisha yangu kwenye vichwa vya kina mama.

Niliporudi, watu walingoja nijenge ghorofa. Nilinunua mafuta ya nazi, nikawaita wote walionikopesha vichwa vyao, nikawasuka mmoja mmoja. Hawe Sidi alikuwa wa mwisho, nywele zake chache, nyeupe pepepe. Nilipomaliza alijipapasa utosi polepole.

"Hatudaiani tena," akasema. Lakini hakuinuka. Aliegemeza kichwa gotini pangu akasinzia, na mimi, daktari mzima wa hesabu, sikuthubutu kusogeza mguu.