Balbu Isiyotakiwa Kuwaka

Shangazi alikuwa fundi wa redio kwa miaka thelathini na minne, na muda wote huo meza yake haikuhama chini ya dirisha la sebule, katika nyumba aliyoishi na mdogo wake, yaani baba yangu. Wote wawili walikuwa wamefiwa na wenzi wao. Burudani iliyobaki ilikuwa kubishana.

Diodi zake alizihifadhi kwenye kopo la maziwa: vijipande vyeusi vidogo kuliko punje ya mahindi, kila kimoja na mstari mweupe upande mmoja. Aliziita mabawabu. Aliyetaka kujua sababu aliambiwa hivi: umeme wa ukutani unakwenda mbele na kurudi nyuma mara hamsini kwa sekunde, kama mtu anayetoka nyumbani na kila akifika barabarani anakumbuka kitu alichosahau. Redio haiwezi kufanya kazi na mtu wa namna hiyo. Basi bawabu anawekwa mlangoni, anapitisha wanaotoka na kuwazuia wanaorudi. Mabawabu wakiwa wanne na wakapangwa vizuri, wawili wanafanya kazi huku wawili wakipumzika, kisha wanapokezana, na hata umeme uliotaka kurudi unajikuta umeelekezwa mbele.

"Mstari unakuonyesha wanatokea wapi," alisema. "Ukimgeuza bawabu mmoja tu, mlango unabaki wazi na watu wanaingia kwa fujo."

Mwaka aliotimiza sabini, macho yake yalianza kumsaliti. Siku moja alimwamkia muuza mkaa kama mwalimu mkuu, na muuza mkaa akaitikia bila haya. Baba, karani mstaafu wa ghala, akaingiwa na hofu.

"Dada, ipo siku utatuchoma humu ndani."

"Bwana mdogo, nikiwasha moto nitakuamsha kwanza."

Baba alikuwa na miaka sitini na mitatu na hakupenda kuitwa bwana mdogo. Alileta redio yake iliyokuwa ikivuma kuliko kusema. Sharti lake lilikuwa hili: Shangazi ataitengeneza mbele yake Jumamosi asubuhi. Akikosea hata mara moja, meza itatoka sebuleni na kopo la mabawabu litafungwa. Shangazi alikubali haraka, lakini baadaye nilimkuta akiifuta ile meza polepole, ingawa haikuwa na vumbi.

Jumamosi Baba alikaa kwenye kiti karibu naye, mikono kifuani, kama mkaguzi. Shangazi alifungua redio, akapima, akapata diodi moja iliyokufa.

"Moja imekwenda, hizi nyingine zinajiandaa," alisema, akazitoa zote nne.

"Unachukua muda," alisema Baba.

"Na wewe unachukua hewa yangu. Sogea."

Kwa kawaida kila diodi mpya aliipima kwa mita yake ya umeme kabla ya kuilehemu. Siku hiyo alipima tatu. Ya nne aliitazama tu, kwa sababu Baba alikuwa ameangalia saa tena. Kisha akachomeka redio, si ukutani, bali kwenye kibao chake chenye balbu kubwa ya zamani.

Balbu ikawaka, sebule nzima ikang'aa. Redio haikusema kitu.

Baba alipiga makofi. "Haya, nimekubali. Imewaka."

Mimi nilijua maana ya balbu ile, na Shangazi alijua kwamba najua. Baba peke yake, baada ya miaka yote hiyo, aliamini kuwaka kwake ni dalili kwamba redio imepona. Shangazi angeweza kusema ahsante, akasubiri Baba aende kunywa chai, kisha akarekebisha kosa kimyakimya.

"Imewaka kwa sababu nimekosea," alisema, akaichomoa.

"Umekosea vipi na taa inawaka?"

"Umeme unapita kwenye balbu kabla ya kufika kwenye redio. Redio ikiwa nzima, inakunywa kidogo, balbu inabaki giza. Nikikosea, umeme unaingia kwa fujo, na balbu inaubeba wote. Bila balbu, sasa hivi transfoma yako ingekuwa inafuka moshi."

Baba aliitazama balbu, kisha mapazia ya dirisha lililo juu ya meza.

Shangazi alichukua mita. Diodi tatu zilikuwa sawa. Ya nne ilikuwa imekaa kinyume. Alikuwa ameona mkwaruzo akadhani ni mstari. Akaigeuza, akachomeka tena. Balbu ikapepesa mara moja, ikazima.

"Aa, imekufa," Baba alisema kwa huzuni.

Redio ikaanza kusoma bei za mahindi, sauti safi kabisa.

Shangazi akaanza kukusanya vyuma vyake ndani ya sanduku. "Tulikubaliana kosa moja."

"Ngoja kwanza. Kosa hilo limechoma nini?"

"Hakuna."

"Ghalani, kilichokamatwa mlangoni hatukukiandika kuwa kimeibwa." Akavuta kiti karibu zaidi. "Rudisha vyuma vyako. Ila utapima zote nne."

"Na wewe hutaangalia saa."

"Sitaangalia."

Jumatatu Baba alimletea pasi ya nguo ipimwe. Shangazi aliigeuza huku na huku, akamuuliza ina tatizo gani. Baba alikiri kwamba haina. Alitaka tu kuona balbu itafanyaje.