Mtoni Wote Tulikuwa Wageni

Nilipokuwa mtoto, mtoni sikuwa na jina. Nyumbani nilikuwa nalo, kanisani nilikuwa nalo, hata shuleni, kwa ile miaka mitatu niliyosoma, mwalimu alilitaja vizuri kabla ya kunichapa. Lakini ukishuka tu lile teremko la kwenda Mto Mara, jina unaliacha juu pamoja na mbuzi. Kule chini kila mtu aliitwa Mugeni. Mama yako, Mugeni. Jirani uliyegombana naye asubuhi, Mugeni.

Kijiji chetu ni kidogo, kiko upande wa Buswahili, pale mafunjo yanapoanza kuwa mengi. Bibi yangu ndiye aliyenieleza kilivyoanza. Watu wa kwanza walifika wakikimbia njaa, wengine kutoka ziwani huko Murangi, wengine milimani, wengine ng'ambo ya mto, kila mmoja na lugha yake. Walikuta kamongo wa kuvua, udongo mweusi unaokubali mtama, na mamba. Mamba ndio walikuwa wenyeji. Basi wakakubaliana kwamba wao wote pale ni wageni, na wataitana hivyo. Mto usijue jina la mtu, maana ukilijua utamwita, na akiitwa atakwenda.

"Ukimtaja mtu mtoni, umemtoa kafara," bibi alituambiaga. "Siku akichukuliwa usije kunililia mimi."

Tulimwamini. Angetuambia jua ni la kwake tungemwamini pia, kwa sababu alikuwa na fimbo.

Nilikuwa na kama miaka minane. Dada yangu alikuwa na kumi na tatu, amenizidi urefu, nywele na maneno. Siku hiyo, jua likiwa kichwani, alinichukua twende kufua. Tulikuta wasichana wengine wanne wanachota maji. Mimi niliachwa juu ya ukingo kulinda nguo zilizoanikwa, maana mbuzi wa kwetu walikulaga hata kaniki.

Pale pa kuchotea palikuwa na uzio. Miti imechomekwa ndani ya maji, imezunguka, katikati yake yamefumwa matawi ya miiba ili mamba asipite. Kuutengeneza ilikuwa kazi ya wanaume. Mafuriko yalikuwa yameubomoa upande mmoja, limebaki pengo la kupita ng'ombe. Wiki mbili nzima wanaume walisema kesho. Walikuwa na pamba, walikuwa na msiba, walikuwa na pombe.

Wale wanne walikuwa karibu na ukingo, maji magotini. Dada yangu alikuwa mbele zaidi, maji kiunoni, mgongo ameuelekeza kwenye pengo. Alikuwa anaosha nywele, na povu la sabuni lilimfunika uso mzima.

Mimi nilikaa juu, nikaona. Nilidhani gogo, halafu nikaona gogo lina macho, na linakuja pale penye pengo bila haraka.

Nikapiga kelele: "Mugeni! Mugeni, toka majini!"

Wote watano wakainua vichwa. Mmoja wao, msichana mwenye mdomo kuliko wote, akanijibu: "Wageni tuko watano hapa. Unamtaka yupi, wewe kifaranga?"

Wakacheka. Dada yangu naye akacheka, macho amefumba kwa sababu ya sabuni. Nilinyoosha kidole, lakini kidole unamwonyesha nini mtu aliyefumba macho? Jina lake lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nililihisi kabisa, kama punje ya mtama. Nikakumbuka: ukimtaja, umemtoa. Nikalimeza, na neno mamba likaenda nalo, nikapiga kelele tena: "Mugeni! Mugeni!"

Wale wanne ndio waliogeuka, wakaona, wakakimbia. Yeye alikuwa bado anacheka.

Sitaeleza zaidi. Hapakuwa na mengi. Maji yalipasuka, yakajifunga. Kipande cha sabuni kilibaki juu ya jiwe, bado kina povu.

Wanaume walikuja na mikuki, wakapiga maji mpaka jioni. Hatukupata cha kuzika. Usiku wazee wakakaa uani, wakaniita. Baba akaniuliza mbele yao: "Ulimtaja?"

"Hapana."

"Sema kweli, mtoto."

"Nilisema Mugeni. Nilisema Mugeni tu."

Wale wasichana wakathibitisha. Baba akashusha pumzi. Bibi akanivuta kwake, akanipa kipande kikubwa cha samaki, kile cha wageni, akasema, "Huyu ana adabu." Nilikula. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa nimesifiwa.

Wazee wakajadiliana sana nani aliuambia mto. Mwisho wakasema basi, alijitaja mwenyewe, maana alikuwaga na maneno mengi. Marehemu ndiye akawa mkosaji, na jina lake likafungiwa: lisitajwe tena, wala mtoto mwingine asipewe jina hilo. Uzio hakuna aliyeuulizia. Ila asubuhi wanaume walikwenda wakautengeneza, na kabla ya saa sita walikuwa wamemaliza. Kazi ya nusu siku.

Matanga yakaisha. Ndipo mama aliponiuliza, tukiwa wawili jikoni: "Ulimwona mamba kabla hajafika?"

"Ndiyo, mama."

Akaendelea kusonga ugali. Hakuniuliza tena mpaka anakufa.

Baadaye, wakati wa vijiji vya ujamaa, serikali ilituhamisha, tukapangwa kwa mstari kando ya barabara. Hivi karibuni tukaletewa bomba na pampu ya jua. Pampu imekufa, tumerudi mtoni na ndoo za plastiki. Uzio upo, na watu bado wanaitana Mugeni. Mimi nashukaga na mjukuu wangu Neema, nasimama juu ya ukingo, naita kwa sauti yangu yote: "Neema! Neema, geuka nikuone!"

Wanawake wanashtuka. Mmoja aliniambia juzi, "Bibi, mtoto unamtaja mtoni?"

"Namtaja. Asikie yeye, na mamba naye asikie kwamba huyu ana mwenyewe."

"Utamponza, bibi."

"Wa kwanza sikumtaja," nikamwambia. "Nenda kamtafute."

Neema ndiye aliyeuliza, tukipanda na ndoo, huyo wa kwanza aliitwa nani. Nikasimama. Mtu mzima mimi, nimezika mume na watoto wawili, na bado nilitaka kulimeza lile jina kama siku ile. Nikageuka, nikautazama mto, nikalisema.

Nyangeta. Aliitwa Nyangeta.

Mto haukufanya kitu, ulipita tu. Haukuwahi kujua jina la mtu yeyote, wala haukulihitaji. Aliyelihitaji alikuwa yeye, siku ile, na mimi nilimnyima kwa adabu. Wazee nao walitafuta jina usiku kucha ili wasiulizwe kuhusu miti ya uzio.

Kabla hatujaendelea kupanda niliuangalia uzio. Miti miwili imelegea. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikamkuta anakula. Akasema, "Karibu, bibi, kesho tutaangalia." Nikasimama mlangoni, sikuketi, mpaka akanawa mikono na kutafuta panga.