Serizi Iliyompita Baba Kichwa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, pale mtaani Kinama, nilimdanganya bibi yangu kwa ncha ya mti. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Mti wenyewe ulikuwa serizi, uliopandwa na bibi, mama yake baba, hatua tatu kutoka mlangoni. Serizi za kwetu ni matunda madogo mekundu yenye mifereji kama boga, machachu kiasi cha kukufumbisha jicho moja. Bibi aliupenda mti ule lakini hakuuacha urefuke. Aliamini kwamba mti wa matunda wa nyumbani ukimpita kichwa mwenye nyumba, unamchukua, naye anakufa. Kwa hiyo kila mwezi aliupogoa, ukabaki mfupi, mwembamba, usiozidi bega la baba. Hata kuku hakuweza kujificha ndani yake.

Macho yake yalipopofuka, kazi ya kukata nikapewa mimi. Yeye alibaki na kupima.

"Leta mukono yangu ku ncha," alikuwa akiniambia, nami nilimshika kiganja na kukipeleka. "Hapa ni wapi?"

"Ku bega ya papa."

Akisharidhika, alirudi kwenye mkeka wake.

Sasa, serizi huzaa kwenye vitawi vichanga, na kila nilipokata nilikuwa najinyima mwenyewe. Vita vilikuwa vimefunga shule na barabara, na nyumbani tulikula ugali wa muhogo mara moja kwa siku. Nikaacha kukata. Bibi alipotaka kupima, nilivuta tawi la juu chini kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikaweka vidole vyake kwenye ncha. Mara ya kwanza nilifumba macho. Mara ya tatu nilicheka kimoyomoyo. Mjanja mimi! Mama aliuona mti unavyonenepa, akadhani bibi ameridhia, maana mambo ya mti ule yalikuwa ya bibi.

Baba alikuwa dereva wa lori, akakwama mjini Gitega miezi mingi. Aliporudi, jioni moja, alisimama kando ya mti, majani yakiwa juu ya kofia yake.

"We serizi, umenipita," akasema akicheka. "Kesho nitakukata."

Bibi alikuwa ndani, hakusikia. Mimi nilisikia, na usiku huo nililala nikirudia maneno ya bibi: ukimpita, unamchukua.

Asubuhi, chai ikiwa jikoni, risasi zililia mitaa ya juu. Punde wanaume sita wenye bunduki wakavunja mlango wa mabati wa ua wetu. Wengine walivaa magwanda, wengine suruali za kawaida; nani aliwatuma, sijui hadi leo. Walikuwa wakimfukuza mtu aliyeruka ua wetu upande wa choo. Sisi hatukuwa tumemwona.

"Mutu iko wapi?"

"Apana mutu hapa, chef," baba akajibu, na aliamini alichosema.

Mmoja akautazama mti. Akaumiminia risasi. Majani yakakatika, harufu yake kali ikajaa uani, na mwanaume nisiyemjua akaanguka kutoka humo akiwa ameshika shingo. Wakammaliza kwa panga. Kisha wakamgeukia baba.

"We ulisema apana mutu."

Walimpiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Akapiga magoti, akanyoosha mikono, akajaribu kusema kwa mdomo uliojaa damu. Yule aliyeuliza akampiga risasi ya kifua, mbele yetu sote. Mimi nilijikojolea. Walipotoka walikanyaga serizi zilizopukutika kando yake.

Baada ya mazishi, mama alisimama mbele ya bibi aliyekaa mkekani.

"Ule muti ulificha mutu. Nani aliuacha ukawa vile?"

Bibi aliinuka mkekani. Aliniita nimpeleke mtini. Nilimshika kiganja, na safari hii sikuvuta tawi. Mkono wake ulipanda, ukapita bega, ukapita kichwa, akasimama kwa vidole vya miguu na bado ncha hakuigusa. Nilisubiri kofi. Alinipapasa uso, akakuta machozi, akayafuta kwa kidole gumba. Kisha akageukia alikokuwa mama.

"Ni mikono yangu," akasema. "Imezeeka. Ilipima vibaya."

Mama hakumsemesha tena mpaka bibi alipokufa, na kaburini hakwenda.

Leo naishi mtaa wa Mutanga Sud, nina serizi yangu mlangoni, fupi, nyembamba. Mume wangu ananitania kwamba nimerithi ushirikina. Namwacha acheke. Baba aliuawa na watu wenye bunduki. Hilo nalijua vizuri, na sihitaji mti wa kulaumu. Ila nakumbuka kidole gumba kile usoni mwangu. Bibi alijua. Alijua, na akakubali kuchukiwa na mkwe wake ili mimi nisichukiwe na mama yangu.

Mama bado yuko hai. Kila akija kwangu huutazama mti na kusema, "Yule mwanamuke angeacha wenye macho wapime." Nami huenda jikoni kumtengenezea chai.