Pacha, Ndoa na Kondoo wa Uzi

Uzi wa sufu ukiungua hunuka kama nywele za mtu. Nililijua hilo nikiwa na miaka tisa, adhuhuri moja huko Burnt Forest, karibu na Eldoret, kikapu cha mama cha kufumia kilipoteketea pamoja na nyumba yetu. Mama alikuwa ameketi kwenye nyasi, ameushika mkono wake wa kulia ambao vidole vyake vitatu vilikuwa vimevunjwa kwa rungu. Hakulia. Aliutazama mkono ule kama mtu aliyeazima chombo cha jirani kikamvunjikia.

Kabla ya siku hiyo mkono ule haukujua kutulia. Kwetu mwanamke alifuma vitambaa vya kufunika viti hata akitembea kwenda sokoni, uzi umefichwa kwapani, sindano ya kroshia ikipanda na kushuka bila yeye kuitazama. Hakuna aliyefundishwa kwa maneno. Ulikaa kando ya anayejua, ukaangalia mikono yake mpaka yako ikaiga. Ndiyo maana mgeni mmoja wa kanisa alipompa mama karatasi ya maelezo ya kufuma mwanakondoo wa kuchezea, mama aliigeuza juu chini kisha akavuka ua kwenda kwa Mama Chebet, mwalimu wa chekechea. Sisi tulikuwa watu wa kutoka Mkoa wa Kati. Yeye alikuwa mwenyeji, na maziwa ya chai yetu yalitoka kwa ng'ombe wake.

Mama Chebet alisoma zile herufi za Kiingereza zilizokatwakatwa, mama akajaribu kwa sindano, wakabishana hadi wakaelewana. Pale karatasi iliposema uingize mishono miwili katika shimo moja, waliita pacha. Pale iliposema mishono miwili ifungwe pamoja iwe mmoja, waliita ndoa. "Pacha wanamnenepesha," Mama Chebet alieleza, "ndoa inamkondesha." Mama akamjibu, "Hapo umesema kweli, mwalimu. Niangalie mimi." Wakacheka mpaka ng'ombe akageuza shingo. Baba, aliyekuwa akifanya kazi Nakuru na kurudi mwisho wa mwezi, hakuwahi kuambiwa walichokuwa wakicheka.

Kisha ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi moshi. Wazee husema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawakutuambia kwamba nyasi nazo zinaweza kushika panga. Tuliona mashamba ya upande wa barabara yakiwaka, tukasikia ng'ombe wakilia kwa sauti ambayo sijaisikia tena, kwa maana walikuwa wakikatwa miguu ya nyuma wakiwa hai. Siku vijana walipofika kwetu, mimi nilikuwa nimetumwa maji kwenye pipa karibu na lango. Nilichuchumaa nyuma yake. Walimkata mbwa wetu kabla hajamaliza kubweka. Mmoja wao akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni, alikosimama mama, akanipa mgongo.

"Mama, si mliambiwa muende kwenu?"

"Kwetu ni hapa. Na wewe unanijua."

Aliinua rungu, mama akainua mkono kukinga kichwa. Nilisikia vidole vikivunjika, sauti kama ya kuni kavu. Akamburuta kwa nguo mpaka uani, wengine wakaingia na petroli. Walipoondoka, Mama Chebet alikuja mbio, akatufunika kwa shuka zake, akatuvusha ua na kutuficha nyuma ya magunia ya mahindi. Wanawe wawili wa kiume hawakuwepo nyumbani. Hawakuwa wamelala hapo wiki nzima. Alitupa chai, na kabla hatujapakiwa kwenye lori la kwenda Eldoret alimuuliza mama swali moja: "Aliyekupiga ni nani?" Mama akageuka, akapanda lori.

Kambini Eldoret, katika uwanja wa maonyesho, tulilala chini ya turubai lililopiga kelele kama mtu anayechapwa. Wanawake walipigana kwa mitungi kwenye foleni ya maji. Watoto tulicheza mchezo wa kuchoma nyumba, na aliyekataa kuwa mwenye nyumba alipigwa kweli. Mama alinitoa kwenye mchezo huo. Mtu fulani alikuwa amegawa uzi na sindano, na yeye, mkono umefungwa vibao, alitaka kondoo. Ilibidi afundishe kwa mdomo kitu ambacho watu wake walikuwa wakikijua kwa macho.

"Mishono sita ndani ya kitanzi. Vuta mpaka shimo lijinyonge. Sasa pacha kila mahali, wawe kumi na wawili."

Nilifanya kosa ambalo kila binti wa kwetu angelifanya. Nilipomaliza mzunguko niliufunga, kama tunavyofunga kitambaa cha kiti. Mizunguko mitano baadaye, mstari ulikuwa umepasua uso wa kondoo kutoka utosini hadi kidevuni.

"Umempiga panga," mama akasema. "Fumua! Hiki si kitambaa. Usifunge, endelea kuzunguka kama konokono. Weka kipande cha uzi wa rangi nyingine pale unapoanzia, usipotee."

Nilifumua. Mzunguko wa tatu, mmoja kisha pacha, mmoja kisha pacha, kumi na nane. Kichwa kilipofikia ukubwa wake tulikishindilia matambara kabla ya kukifunga kwa ndoa, kwa sababu ukingoja mpaka mwisho huna mahali pa kupitishia kidole.

Siku hizi, kila Jumamosi, mimi huwafundisha wanaoanza, katika chumba kimoja mtaa wa West Indies, hapa Eldoret. Huja na maelezo kwenye simu, wakiogopa zile herufi, nami huwaambia ni pacha na ndoa tu, na kuhesabu. Wote hufunga mzunguko wa kwanza. Mji umetulia, maduka yamepakwa rangi, na wanafunzi wangu, wa Kati na wenyeji, huazimana sindano. Mama huketi nao. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vyake vitatu havikunyooka tena. Yeye hukagua tu.

Mama Chebet huja kila Krismasi na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha. Amezeeka. Wanawe wana familia sasa, mmoja analima huko Soy. Mwaka jana alimshika mama ule mkono, akasema, "Mama Wambui, mimi nimezaa. Niambie tu, nijue."

"Alikuwa amejifunga leso usoni, mwalimu. Ningemjuaje?"

Nilikuwa nikimimina chai, sikuinua macho. Siku ile, kutoka nyuma ya pipa, niliona kola ya shati la yule aliyempiga, masikio yake yote mawili, na nywele zilizonyolewa karibuni. Kisogoni hapakuwa na fundo lolote la leso.